Kanyaga, Shikilia, Achia

Jumatatu, 2 Machi

Daktari kasema nikae. Nimekaa. Nimekaa kitandani, nimekaa kibarazani, nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, na bado ni asubuhi. Presha imepanda, miguu imevimba, na cherehani yangu imefunikwa shuka utadhani imefiwa. Nesi wa kliniki, aliyepanda mpaka kwetu kunipima na kuniletea agizo hilo, kanipa daftari hili niandike presha yangu kila siku. Presha nitaiandika kurasa za nyuma. Huku mbele nitaandika mengine, la sivyo nitapasuka kabla ya mtoto kuzaliwa.

Jumatano, 4 Machi

Niandike ya Jumamosi iliyopita, maana kila nikifumba macho nauona ule ukuta.

Tulikuwa tunateremka kwenda kliniki. Nyumba yetu iko juu kabisa, na barabara ya kwetu ikishuka, inashuka kweli. Chini kwenye kona kuna ukuta wa kiwanda cha sabuni. Mume wangu, ambaye mimi humwita Seremala kwa sababu ndiyo kazi yake na ndiyo habari yake ya asubuhi na jioni, alikuwa anaendesha huku akinisimulia kabati la mteja. Katikati ya mteremko akanyamaza. Seremala hanyamazi katikati ya kabati. Nikamtazama, nikaona mguu wake unakanyaga, unakanyaga tena, na gari linakwenda tu. Akavuta handibreki, akalipandisha gurudumu kwenye ukingo wa mtaro, gari likajikwaruza ubavu mzima na kusimama karibu kabisa na ukuta. Nilisoma maandishi yote: ni marufuku kubandika matangazo hapa.

Upande wangu hauna pedali, lakini na mimi nilikuwa nimekanyaga. Nilikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia mpaka nyama ya mguu ikakaza, na mpaka leo inauma. Usiku mzima nakanyaga shuka.

Nilimwambia palepale, "Sipandi tena gari hili mpaka liwe na breki za kusimama." Aliligeuza tukarudi, maana kupanda mlima hakuhitaji breki.

Hii ni mimba ya pili. Ya kwanza haikufika popote, na tangu hapo tumengoja miaka sita. Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 7 Machi

Seremala karudi kutoka kwa wauza vyuma chakavu amebeba gunia. Nikadhani kaleta kitu cha mtoto. Kaleta kutu.

"Kalipa," akasema, kama mtu anayenitambulisha kwa wakwe. Kalipa ni kile chuma kinachoibana diski ya gurudumu ili lisimame. Zetu ni ndogo, za zamani, zina pistoni moja moja ya kusukuma. Hizi zilitoka kwenye gari la aina ileile lakini kubwa zaidi, zina pistoni mbili mbili, na diski zake ni pana kama sinia. Ushauri ni wa Fundi Pole, mwenye gereji chini ya mlima. Tunamwita hivyo kwa sababu hata hujafungua mdomo ameshakwambia pole.

"Si umpelekee yeye afunge?" nikauliza.

"Gereji iko chini, gari liko juu, breki hakuna. Nitalishushaje?"

"Basi apande yeye."

"Magoti yake hayapandi. Mke wangu, hii ni kazi ya kusafisha, kupiga msasa, kupaka rangi na kufunga. Mimi nafanya nini kila siku?"

Unatengeneza makabati, baba. Kabati likikosewa mlango haufungi. Sikulisema hili, nimeliandika.

Jumatatu, 9 Machi

Gari liko juu ya magogo. Magurudumu mawili yako sebuleni kwangu.

Jumatano, 11 Machi

Mama mkwe amefika, amepanda mlima kwa miguu na mzigo kichwani, na hahemi. Kaja kunitunza mpaka nijifungue. Kaja na ufagio wake mwenyewe. Kabla ya kunywa maji ameshafagia uani, kafua mapazia na kuhamisha chumvi.

"Mwanangu wewe kaa tu," ananiambia. "Kaa kabisa."

Mtu mwingine akiniambia kaa nitamng'ata.

Alhamisi, 12 Machi

Presha iko juu. Chumvi sijaiona.

Jumapili, 15 Machi

Leo nimeruhusiwa kukaa uani, kwenye kigoda, karibu na gurudumu la kushoto, yaani pale ambapo gurudumu lingekuwa. Seremala alifungua kalipa ya zamani. Kazi ya kupendeza kuitazama, nikiri tu. Kuna bolti mbili nyuma, kuna mpira unaoleta mafuta ya breki, na juu kabisa kuna kibolti kidogo chenye kofia ya raba, kimejichomoza kama mtu anayechungulia dirishani.

"Na hicho?" Mama mkwe akauliza.

"Pa kutolea upepo, Mama. Usikiguse."

Alishakigusa. Kisha Seremala akatoa penseli sikioni akaziandika kalipa mpya, hii kushoto, hii kulia. Mbao zake zote huwa anaziandika hivyo. Zinafanana sana, ila moja ni kama ile nyingine ikijitazama kwenye kioo.

Jumatano, 18 Machi

Pistoni zimegoma kutoka, kutu imezishika. Seremala akachomeka pampu ya kujazia baiskeli kwenye tundu la mafuta, akaweka kipande cha mbao mbele, akapampu. Kimya. Akapampu. Kimya. Akainama kuchungulia, mimi nikampigia kelele atoe uso, naye akautoa, na pistoni ikaruka na kuipasua ile mbao katikati. Mama mkwe alikuwa jikoni, akaja na mwiko akitafuta mwizi.

Tulicheka wote watatu. Ni mara ya kwanza nacheka mwezi huu.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua imeanza. Barabara ya kwetu imekuwa utelezi mtupu. Dereva wa teksi aliyezoea kutuletea mizigo kampigia simu Seremala kwamba hapandi huku mpaka mvua ziishe. Wenye pikipiki wanapanda, lakini daktari alishasema pikipiki nisahau. Nesi anapanda mwenyewe kwa miguu kila wiki kunipima, anafika amelowa mpaka soksi.

Dada yangu anakaa karibu na hospitali. Tumekubaliana nihamie kwake mwisho wa Aprili, daktari amesema mtoto ni wa Mei. Kwa gari gani, hilo ndilo swali, na kila mtu humu ndani analizunguka.

Jumapili, 22 Machi

Mama mkwe amezifua kalipa. Ndiyo, amezifua. Seremala alikuwa amezimaliza kwa brashi ya waya na msasa, akaziacha juu ya gazeti, akaenda kununua rangi. Aliporudi zilikuwa zinang'aa, zinanukia sabuni, na penseli yote imeondoka.

Seremala akasimama akizitazama, akanitazama mimi.

"Zilikuwa chafu," Mama akasema.

"Asante, Mama."

"Za mjukuu wangu hizi, zitakwendaje chafu?"

Seremala akazipeleka kwenye meza ndefu uani, akazipanga: ya kushoto mwisho huu upande wa lango, ya kulia mwisho ule upande wa bomba. Akasema hana haja ya penseli, anakumbuka. Akaanza kuzipaka rangi nyekundu. Seremala huwa haigeuzi kazi mbichi, huizunguka meza yeye mwenyewe, mbele akapaka, nyuma akapaka, kama anavyofanya kwa milango.

Jumanne, 24 Machi

Leo nimefanya jambo. Seremala kaenda kumfungia mteja mlango, kalipa ziko mezani uani zinangoja rangi ya pili ikauke. Mchana wingu likaja ghafla, jeusi, na upepo wa vumbi. Mama mkwe akakimbilia nguo. Mimi nikaiona rangi. Rangi ya siku mbili, mtu ameipaka kwa brashi nyembamba ametoa ulimi nje. Nikatoka nikashika mwisho mmoja wa meza.

Mama akaniona. Nikajua nitasikia. Badala yake akatupa nguo kwenye beseni akashika mwisho wa pili.

"Kwa miguu, si kwa mgongo," akasema. "Inua na mimi. Haya."

Tukaibeba. Mlango wa kibarazani ni mwembamba na meza ina mguu mmoja mnene, ikakwama, tukairudisha nje, tukaizungusha, tukaiingiza kwa mwisho wa pili, mvua inatupiga migongoni. Kalipa hazikuanguka, hata gazeti lilikuwa kavu. Tukakaa chini tunahema. Akanishika tumbo kwa viganja vyote viwili, akasikiliza, mtoto akampiga teke.

"Mzima," akasema. "Usimwambie mume wako kwamba umebeba."

"Sisemi."

"Na mimi sisemi. Atatufunga kamba sote wawili."

Alinipa chai, na chumvi kanionyesha iliko. Kumbe aliiweka juu kwa sababu ya presha yangu, na mimi wiki mbili namnunia.

Jumapili, 29 Machi

Zimefungwa. Raba mpya ndani, pistoni zimelainishwa kwa mafuta ya breki, diski pana zimekaa, pedi mpya za breki. Kalipa nyekundu zinaonekana mpaka barabarani. Seremala anazizunguka huku na huku, anapangusa doa ambalo mimi silioni. Amesema zimebaki kutolewa upepo tu, kazi ya asubuhi moja.

Jumatatu, 30 Machi

Kazi ya asubuhi moja.

Niieleze, kwa kuwa niliitazama yote. Mafuta ya breki yakiingia na upepo, pedali inakuwa laini, unakanyaga upepo badala ya kukanyaga mafuta. Kwa hiyo mtu mmoja anakaa kwenye usukani, wa pili anakaa chini kwenye gurudumu na spana. Wa juu anakanyaga pedali anashikilia, wa chini anafungua kile kibolti mafuta na upepo vitoke kupitia kipira mpaka kwenye chupa, anakifunga, wa juu anaachia. Halafu tena, na tena.

Mimi siingii nyuma ya usukani, tumbo limetangulia. Akaitwa Mama mkwe, ambaye maisha yake yote hajawahi kukaa upande wa dereva. Alijifunga kanga upya, akavua viatu, akafunga mkanda.

"Mama, gari liko juu ya magogo."

"Najua liliko. Niambie cha kufanya."

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

"Nashikilia!"

"Achia!"

"Hata sijachoka!"

Mpaka mchana. Majirani wanapita langoni wanaitikia, nimekanyaga. Mwisho Seremala akaingia mwenyewe, akakanyaga. Sikuhitaji kuuliza. Niliuona uso wake kupitia kioo, na ulikuwa uso wa ile Jumamosi. Pedali ilizama mpaka chini.

Jumanne, 31 Machi

Kanyaga, shikilia, achia. Laini.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Wamefunga turubai juu ya gari. Kanyaga, shikilia, achia. Mama amekuwa mtaalamu, anasema pedali inamwambia. Pedali haimwambii kitu, ni laini.

Jumamosi, 4 Aprili

Laini.

Jumatano, 8 Aprili

Seremala kateremka kwa miguu kwa Fundi Pole kumweleza. Fundi hajaliona gari, kasikiliza, kasema pole, kasema hiyo ni pampu kuu ya breki, raba zake zimechoka, hizi kalipa kubwa zinataka mafuta mengi. Seremala karudi na pampu nyingine chini ya koti. Leo kutwa yuko kichwa ndani ya boneti. Nimetembea kutoka chumbani mpaka langoni na kurudi mpaka Mama akaweka kigoda katikati ya njia nikalie.

Ijumaa, 10 Aprili

Pampu mpya. Kanyaga, shikilia, achia. Ukipampu haraka haraka inakuwa ngumu kidogo, ukingoja inazama. Mafuta ya breki yamekwisha chupa nzima. Kila mtu ananuka mafuta. Nimeota nakanyaga, Mama anasema hata usingizini nilisema shikilia.

Jumamosi, 11 Aprili

Tumegombana.

Ilianza na magurudumu. Nimejikwaa kwenye gurudumu sebuleni, sikuanguka, lakini nilishika ukuta. Nikasema mengi. Nikasema kesho nahamia kwa dada yangu, nateremka kwa miguu, polepole, na nikifika sirudi hadi mtoto aende shule. Nikasema, umechukua breki mbovu ukaweka breki ambazo hazipo kabisa. Nikasema, kwani ulikuwa unamjengea nani, mimi au majirani waone rangi?

Alikuwa ameshika spana. Akaiweka juu ya boneti, taratibu, akakaa chini kwenye matope kama alivyo.

"Ilizama," akasema. "Siku ile. Niliisikia inazama, wewe uko pembeni yangu, na mimi nakusimulia kabati. Kila siku nikilala mguu wangu unazama. Ningempa mtu mwingine azifunge, ningekuwa namwambia mke wangu panda, halafu mimi mwenyewe siamini. Nilitaka nijue kila bolti iliyomo."

Sikujua. Nilidhani ni ubishi wa fundi. Watu wawili kitanda kimoja, kila mmoja anakanyaga shuka lake, hakuna aliyemwambia mwenzake.

Nikataka kukaa chini na mimi, nikashindwa kwa tumbo. Nikamshika kichwa tu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni, akarudi ndani kimyakimya. Seremala amenisihi nisiteremke kwa miguu. Nimesema nitangoja siku chache.

Jumatatu, 13 Aprili

Tumbo linakaza na kuachia. Nesi kasema ni uchungu wa kujaribu tu, bado wenyewe, lakini nisitembee. Presha imepanda tena. Seremala hajaligusa gari leo. Amekaa kibarazani anapiga msasa kitanda cha mtoto, mahali palepale, mpaka ubao umeanza kubonyea.

Jumanne, 14 Aprili

Nimechoka kukaa. Nikaifunua cherehani. Mama akaniangalia kwa jicho moja, akasema kishati kimoja tu.

Nikakata kishati cha mtoto kwa kipande kilichobaki cha shuka. Mikono midogo kama vidole vya glavu. Akili yangu iko uani, mikono inashona. Nikamaliza nikakiinua kwenye mwanga, kinaonekana vizuri, mishono imenyooka. Nikaingiza vidole viwili mkononi kupima. Kinavuta. Bega linakataa. Nikakigeuza, nikaona: mkono wa kushoto nimeushona kulia, wa kulia nimeushona kushoto. Hili ni kosa la wanafunzi ninaowafundisha kushona, wa wiki ya kwanza. Mkono una mbele na nyuma. Ukiubadilisha unaingia vizuri kabisa, tundu ni lilelile, uzi ni uleule, ila mkunjo unakaa upande usiotakiwa.

Nikacheka, nikaanza kufumua. Halafu mkono wangu ukasimama.

Nikatoka nje. Mama ananiita, siitiki. Nikachukua kigoda nikakaa pale pale nilipokaa siku ile, gurudumu la kushoto. Kalipa nyekundu, nzuri, imekaa sawasawa. Nikakitafuta kile kibolti chenye kofia ya raba. Juu hakipo. Nikainama kadiri tumbo lilivyoniruhusu. Kiko chini, kinatazama matope.

Nikapiga kelele, "Seremala!"

Wakaja wote wawili mbio, wamedhani mtoto.

"Upepo unakaa wapi ndani ya mafuta?" nikamuuliza. "Ukitikisa chupa, vipovu vinakwenda wapi?"

"Juu."

"Na hiki kiko wapi?"

Akainama. Akakigusa kwa kidole. Akaenda upande wa pili akainama tena, nikasikia anapiga paji la uso kwenye bodi ya gari, mara moja, si kwa nguvu. Mafuta yalikuwa yanatokea chini na upepo wote umekaa juu unatutazama, wiki mbili, sisi tunakanyaga.

"Zimebadilishana," akasema. "Lakini vipi? Nilizipanga mwenyewe. Ya kushoto upande wa lango. Niliziokota kibarazani palepale mezani, ya upande wa lango nikaileta huku. Meza haijageuka!"

Mama mkwe akanitazama. Mimi nikamtazama.

"Meza," tukasema.

Ikabidi tueleze: mvua, mlango, mguu mnene, tukaizungusha. Nilidhani atakasirika kuhusu kalipa. Wapi.

"Umebeba meza?" akaniuliza. "Wewe? Na presha hiyo? Mama, ulimwacha abebe meza?"

"Mwanangu, hukuiona jinsi ilivyobebwa," Mama akasema. "Ingekuwa wewe ungeiangusha. Na hizo penseli nilizifua mimi, kwa hiyo kama ni kulaumu anza na mimi, halafu chukua spana jua linazama."

Jumatano, 15 Aprili

Amezibadilisha. Vibolti vyote viwili viko juu, vinachungulia. Mvua ilinyesha, hakuna aliyejali.

Mama akapanda, akajifunga mkanda. Kanyaga, shikilia, achia. Kwenye chupa vipovu vikaanza kutoka, vingi, vikubwa, kama sufuria inayochemka. Nilivipigia makofi. Tena, na tena, mpaka yakatoka mafuta matupu.

"Mama, kanyaga mara ya mwisho."

Akakanyaga, akaukaza mguu mzima.

"Mama?"

"Imegoma," akasema Mama, na macho yamemtoka. "Imesimama. Haiendi kokote."

Seremala akaingia akakanyaga yeye, kisha akashuka akaja kunichukua mimi mkono, akaufungua mlango, akaupeleka mkono wangu mpaka chini kwenye pedali niisukume. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Yeye alikuwa analia, na hakujificha.

Alhamisi, 16 Aprili

Kabla mimi sijapanda lazima lijaribiwe kwenye mteremko wenyewe. Seremala akasema anakwenda peke yake. Mama mkwe akawa ameshakaa upande wa abiria.

"Mama, teremka."

"Nani aliyekanyaga wiki mbili? Nimeshaishi mimi. Huyu aliye tumboni hajaanza. Washa gari."

Nikasimama langoni nimeshika nguzo. Gari likateremka, taa nyekundu za breki nyuma zikawaka, likasimama. Likaachiwa, likaenda kasi zaidi, zikawaka, likasimama. Mara ya tatu aliliachia kweli, mpaka karibu na kona ya ukuta, na mimi nikafumba macho. Mwezi huu wote nimemwona mama huyu kama mtu aliyehamisha chumvi yangu, na pale langoni nikajikuta nasema, Mungu wangu, usimchukue Mama. Nilipofumbua, zilikuwa zinawaka nyekundu, na mkono wake mmoja umetoka dirishani unanipungia.

Walipopanda kurudi Mama hakuniambia alivyoogopa. Alisema tu kiti hakikufutwa vumbi.

Ijumaa, 17 Aprili

Magurudumu hayapo tena sebuleni. Sebule ni kubwa, sikumbuki ilivyokuwa.

Jumapili, 19 Aprili

Asubuhi, nafua kishati. Maji yananishuka miguuni, si ya kufulia. Naandika nikiwa nimesimama, Mama anafunga begi, mvua inanyesha kama imelipwa. Seremala analigeuza gari. Ni mapema mno, tulisema Mei. Naogopa tena, lakini wacha

Ijumaa, 24 Aprili

Ni msichana. Mdogo, wiki mbili kabla ya siku yake, mapafu mazima, sauti yake inasikika wodi nzima. Presha yangu imeshuka, nesi haamini, amenipima mara mbili.

Niandike safari, kabla sijaisahau kwa usingizi.

Nililala nusu kwenye kiti cha mbele, Mama nyuma yangu ameshika mabega. Tulipoanza kuteremka uchungu ukanijia, na Seremala akataka kusimama, nikamwambia twende. Maji yalikuwa yanateremka barabarani pamoja na sisi. Pale katikati, palepale aliponyamaza siku ile, akafungua mdomo akaanza kunisimulia kabati. Kabati la mteja, la milango minne, bawaba za shaba. Anasimulia bila kuacha, macho barabarani. Ukuta wa kiwanda ukaja. Akakanyaga mara moja, gari likakaa kimya mbele ya kona, likasubiri lori lipite, tukakata kona tukaenda.

Ndipo nikaona miguu yangu. Nilikuwa nimeikunja juu ya kiti yote miwili, viatu nimeviacha nyumbani. Sikuwa nimekanyaga kitu.

Wodini mkunga alikuwa ananiambia sukuma, shikilia, haya achia, na nje ya pazia nikamsikia mtu anaitikia kwa sauti, "Anashikilia!" Wakamtoa mpaka mwisho wa ukumbi.

Leo Mama kaja na chai na chumvi kidogo kwenye karatasi. Anachechemea. Nikamuuliza, Mama, umeumia wapi. Akavuta kiti, akanyoosha mguu wa kulia, akauminya nyama ya nyuma.

"Huo mteremko," akasema. "Yule mume wako anasema breki zake ndizo zilizosimamisha gari. Mwache aseme. Mimi ndiye niliyekanyaga, kutoka langoni mpaka hospitali, na sikuachia."

Nikampa mtoto ashike.